Usisubiri Mlio

Zahanati, 9 Februari 2004

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na habari zetu kabla sijakuuliza zako, maana nikianza na wewe nitagomba. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanayomwonea, na bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia. Baba Bonge yuko kwenye kazi ya barabara, akirudi mwisho wa mwezi ana vumbi hadi kwenye kope. Bonge mwenyewe ameota meno mawili na ameamua kuyafanyia majaribio kwenye mwili wangu. Silali, kaka. Juzi nilisaini kitabu cha mahudhurio kwenye mstari wa Daktari. Akanitazama, akasema, "Karani, kumbe leo wewe ndiye unayetibu? Basi mimi nikapumzike."

Barua yako ya mwisho ilikuja kabla Bonge hajazaliwa. Sisemi kitu. Nataja tu.

Sasa shida yangu. Kompyuta ya zahanati, ile uliyokuwa ukiiita bibi kizee, imekufa. Tumepewa nyingine, nayo si kijana, na haikuja na programu yoyote. Nikatoa ile diski uliyoniachia yenye mfumo wako huria, ule wa bure wa kuendeshea kompyuta, nikaiingiza, mstari kwa mstari kama ulivyoandika, Bonge mgongoni. Ikawaka! Kuandika inaandika, kuchapa inachapa. Lakini modemu ni bubu. Nimechomeka waya wa simu, nimechomoa, nimeupuliza, nimechomeka tena. Haitoi hata mguno. Kompyuta inasema haina modemu, na mimi naiona kwa macho yangu imekaa pale ndani.

Mlinzi alikuja kuchungulia, nikamweleza kwamba kinachokosekana ni kiendeshi, yaani programu ya kuiongoza modemu. Akasema, "Kwa hiyo gari lipo, dereva hayupo. Si mngesema tangu asubuhi? Shemeji yangu ana leseni."

Unajua modemu hiyo inatufanyia nini. Damu za watoto tunazipeleka hospitali kubwa, na maabara ikishapima inatutumia majibu siku hiyohiyo kwa laini ya simu, kompyuta kwa kompyuta. Kwa mdomo hawasomi, ni sheria yao, yasije yakachanganywa. Sasa majibu yanarudi kwa basi, kondakta akikumbuka. Na mvua kubwa zikianza basi halifiki kabisa. Inakuja pikipiki ya hospitali mara moja kwa wiki kuchukua damu, na majibu yanangoja safari inayofuata, au ile ya baada yake. Homa ya mtoto haingoji pikipiki.

Tuokoe kabla ya mvua. Halafu uje umwone mpwa wako. Namba ya simu ya zahanati ni ileile, na saa za kazi anayepokea ni mimi.

Mdogo wako,
Chiriku


1 Machi 2004

Chiriku,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kuhusu meno. Mwambie Mama redio hata akiishinda haitakubali. Mimi mzima, kazi tu ndizo nyingi.

Sikiliza. Modemu kamili ina akili zake yenyewe: unaiambia ipige, inapiga. Hiyo yenu ni kadi ya ndani, na ni nusu modemu. Walioitengeneza waliiondolea ubongo ili itoke kwa bei nafuu, kazi ya kugeuza maandishi kuwa sauti na sauti kuwa maandishi wakaitwika kompyuta, kupitia programu yao. Na programu hiyo inajua mfumo ule wa kulipia peke yake. Sisi wa mifumo huria hawakutuandikia ya kwetu, wala hawakutuambia kadi inaongeaje. Tukakaa watu wa kujitolea, huyu huku na yule kule, tukaisikiliza mpaka tukaielewa. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza zaidi. Waliniita Sikio.

Zipo aina nyingi, na kila aina ina kiendeshi chake. Zima mashine, ng'oa waya wa umeme, fungua ubavu wake, uitoe ile kadi yenye tundu la waya wa simu. Juu yake kuna kipande kikubwa cheusi cha mraba. Niambie kimeandikwa nini.

Kuhusu kuja, tutaona.

Kaka yako


20 Machi 2004

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Tu wazima. Mama anakuuliza kila asubuhi, "Hajasema anakuja lini?" Namjibu umesema tutaona. Anasema, "Tutaona si siku ya wiki." Kitanda chako ametandika shuka mpya, na amenikataza kuweka nepi juu yake. Nyumba nzima imejaa nepi, kitanda chako kimekaa kama cha mfalme.

Kadi nimeitoa. Daktari aliponikuta nimeshika bisibisi na ubavu wa kompyuta uko wazi alijishika kifua, nikamwambia atulie, hata yeye huwa anapasua majipu. Lakini maandishi ya kile kipande cheusi ni madogo kama mayai ya chawa, na mimi kwa usingizi nilionao siwezi kukuapia kama hii ni tano au ni herufi. Kwa bahati alikuja mpiga picha wa picha za vitambulisho. Nikamwomba aipige kwa karibu. Imetoka safi, ukiishika mwangani unasoma kila kitu.

Nimeweka picha mbili. Moja ni kadi. Nyingine ni Bonge. Sikuambii chochote, jionee.

Kaka, mbona hupigi simu? Nimekaa mezani pale siku zote hizi, simu iko karibu na kiwiko changu. Ikilia nadhani ni wewe, kumbe ni mtu anauliza kama leo kuna kliniki ya wajawazito.

Chiriku


17 Mei 2004

Chiriku,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi.

Picha nimezipata. Mpwa wangu mzuri sana, na lile gauni jeupe limempendeza. Mwambie mjomba amesema hivyo.

Picha ya kadi haikutoka vizuri. Niandikie yale maandishi kwa mkono, kalamu nyeusi nene, herufi kubwa, ukurasa mzima ukitaka.

Tena fungua dirisha la amri, uandike maneno niliyokuandikia nyuma ya karatasi hii, unipe jibu lote mpaka tarakimu ya mwisho. Hiyo ni namba ya kiini cha mfumo, ule moyo wake. Kiendeshi hujengwa kwa kufuata kiini kimoja, kama kiatu cha kupimiwa. Namba ikipishana kidogo tu, kinakataliwa.

Simu za huku zina foleni ndefu. Usiniwazie.

Kaka yako


29 Mei 2004

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Mama hajambo. Bonge anatambaa, na mara mbili nimemkuta chini ya meza ya kompyuta ana waya mdomoni. Nimefunga waya zote juu kwa bendeji. Daktari amezihesabu bendeji hizo kuwa matumizi ya ofisi.

Ukurasa wa pili una maandishi ya kadi. Nimetumia kalamu ya kuandikia mabango ya chanjo, hata ndege wakipita juu watasoma. Ukurasa wa tatu una namba ya kiini. Maandishi ya kadi Daktari ameyahakiki pamoja nami, yeye akisoma nakala ya picha niliyobaki nayo, mimi nikisoma kadi yenyewe. Picha ile ile uliyosema haikutoka vizuri. Alisoma bila miwani.

Amri zako nilizipata kwa kubahatisha, maana neno la mwisho sijui uliliandika wapi, kwenye karatasi nusu yake haipo. Mistari yako siku hizi inateremka kama mtu anayeshuka kilima. Wewe! Wewe uliyekuwa ukinichapa rula vidoleni kwa kuvuka mstari wa pembeni.

Na gauni. Sitaki kuuliza leo. Nakupa nafasi uniambie mwenyewe.

Wiki hii zahanati imekuwa na jambo ambalo siwezi kuliandika sasa hivi. Mawingu yameanza kukaa upande wa milimani. Fanya haraka, tafadhali.

Chiriku


3 Julai 2004

Mdogo wangu Chiriku,

Usishangae mwandiko. Niliteguka mkono nikibeba ndoo ya maji, kwa hiyo nasema na jirani yangu anaandika. Anaandika vizuri kuliko mimi.

Kadi yenu naijua. Nilikaa nayo miezi mingi, ni mkaidi lakini ina adabu ikishaelewa. Nimemwomba mwenzangu mmoja wa lile kundi akuwekee msimbo wa kiendeshi cha kadi hiyo, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwenye diski, iko ndani ya bahasha hii. Amri ziko kwenye karatasi iliyoshikizwa na diski. Amri ya kwanza inaifanya kompyuta yako yenyewe ikijenge kiendeshi kwa kipimo cha kiini chake. Ya pili inakipandisha mahali pake. Kioo kitajaa maonyo, usiogope. Onyo linapita na kazi inaendelea. Kosa ndilo linalosimamisha kila kitu. Ikisimama, niandikie ilipofika.

Ikikubali, iambie ipige namba ya maabara, kisha uweke sikio karibu na mashine. Usininakilie kinachoandikwa kwenye kioo. Niandikie sauti. Inaanzaje, inakatikia wapi. Kwa sauti nitajua.

Msalimie Mama. Bonge asile waya.

Kaka yako

Dada, mimi ndiye mwandishi, mama wa chumba cha pili. Hapa chini naandika bila kumsomea. Angekuwa ameumia mkono ningeelewa, lakini mkono wake mzima kabisa. Nisamehe kwa umbeya. Mimi pia nina kaka.


15 Julai 2004

Kaka,

Shikamoo. Na wewe mama wa chumba cha pili shikamoo, najua ni wewe unayemsomea. Soma yote, usiruke hata nukta, hata akikukatiza.

Naanza na kazi, ili usiseme nimeacha kazi nikaleta machozi. Kiendeshi kimejengeka. Maonyo yalishuka kama mchele unaomwagika, nikatoka nje nikasimama na mlinzi mpaka nikaona yametulia. Hakukuwa na kosa. Nikawasha upya, na kompyuta ikaitambua modemu. Mlinzi akauliza, "Dereva kafika?" Nikamwambia kafika. Akasema, "Na leseni yake mmeikagua?"

Nikaiambia ipige. Nikaweka sikio. Kwanza "tik", kama mtu anayenyanyua simu. Halafu sauti ya laini yetu, ile yenye kwikwi, unaijua: "mm", kimya, "mm", kimya. Sekunde kadhaa hivyo. Halafu "tik" tena, imekata. Haijapiga hata namba moja. Nimejaribu asubuhi na mchana, imekuwa ileile. Inanyanyua, inasikiliza, inakata tamaa. Nikinyanyua simu ya mezani kwenye laini hiyohiyo nikazungusha namba kwa kidole, maabara wanapokea vizuri. Kwa hiyo laini haina ubovu. Sasa inangoja nini?

Sasa lile ambalo sikuliandika mwezi wa tano. Fundi baiskeli wa pale njia panda alikuwa na binti. Unamkumbuka fundi, ndiye aliyekutengenezea baiskeli ya kwendea shule. Binti alikuja na homa isiyoshuka. Tukatoa damu, tukaipeleka, Daktari akampa alichoweza kumpa kwa kukisia. Majibu yaliletwa na basi baada ya kuzika. Niliyafungua mimi. Karatasi ilisema ni dawa gani, na dawa ile ilikuwa kabatini, kaka, nyuma ya kiti ninachokalia. Ilikuwepo siku zote. Fundi alikuja kuchukua kadi ya mtoto, akaniuliza, "Majibu yalisemaje?" Nilikuwa na Bonge mapajani. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utajitwika. Wala sikwambii sasa ili ujitwike. Hukuiua kompyuta wewe. Nakwambia ili ujue kwamba mimi nimesema langu lililonikaa kooni. Ni zamu yako.

Umesema gauni jeupe limempendeza. Kaka, kwenye picha ile Bonge yuko ndani ya beseni. Hana hata uzi mwilini. Mpiga picha alimkuta anaogeshwa, akacheka, akapiga. Niliituma nikijua utanitania mpaka mwaka uishe, na wewe ukasifu gauni.

Picha ya kadi hukuisoma. Mistari inashuka. Mkono umeteguka. Simu ina foleni. Mimi sikusoma sana, lakini mchana kutwa nakaa na watu wanaomwambia Daktari "sijambo" huku wameshika ubavu. Najua inavyosikika.

Nini kimekupata?

Chiriku


6 Agosti 2004

Chiriku,

Marahaba. Jirani amesoma yote. Nilimkatiza mara mbili, hakusimama.

Lile nililoliona jeupe ni povu, basi. Niliona kitu cheusi cha mviringo juu na weupe mwingi chini yake, nikasema hicho ni kichwa na hilo ni gauni. Niliishika picha ile muda mrefu, dirishani. Nikashukuru kwamba angalau nimemwona.

Ni presha ya macho. Ilianzia pembeni, nikawa nagonga miimo ya milango, nikalaumu milango. Nikabadili miwani, nikalaumu miwani. Nilipokwenda kupimwa walisema kilichokufa hakirudi, matone yanalinda kilichobaki. Kilichobaki ni tundu la ufunguo lenye ukungu, na ni kwa jicho moja. Kazi niliacha mwaka jana, yaani waliniacha. Simu sikupiga kwa sababu vitufe vya kibandani sivioni, na kumwomba mtu animinyie niliona haya. Na hata angeniminyia, wewe ungesikia sauti yangu ungejua kabla sijamaliza salamu.

Binti wa fundi nilimpakia kwenye baiskeli ile ile nilipokuja mara ya mwisho. Alikuwa hafiki chini miguu.

Sasa kazi. Ulinielezea sauti vizuri mno, niliisikia kama niko hapo. Kiendeshi kizima, kadi nzima. Tatizo ni hili: modemu ile imefundishwa kwamba kabla ya kupiga ni lazima isikie mlio wa laini, mlio mmoja mrefu usiokatika. Laini yenu haina mlio huo, ina kwikwi. Modemu inasikiliza kwikwi, inasema laini haipo, inakata. Kumbe laini ipo hapohapo mbele yake.

Usitafute kuunyoosha mlio, hutaweza, uko kwenye mitambo ya simu. Iambie modemu isisubiri mlio. Inyanyue, ipige, basi. Kwenye mpangilio wa modemu, pale penye herufi AT, zifuatishe na X3. Na pale inapopigia, weka DP badala ya DT, maana mitambo yenu ni ya zamani, inahesabu mapigo ya namba kama ile simu ya kuzungusha. Ndiyo maana kidole chako kinapokelewa.

AT X3 DP. Mwandishi ameandika kubwa.

Na wewe usije. Najua unapanga, nakujua. Nina mtu ananifundisha kutembea na fimbo. Acha nijue kwanza kujipikia bila kujiunguza, kuvuka barabara bila kushikwa mkono. Sitaki Mama aone mwanawe anapapasa ukuta wa nyumba aliyokulia. Nikiwa tayari nitakwambia. Ngoja mpaka nikwambie.

Kaka yako

Dada, safari hii nimemsomea na haya: jana alijiunguza na ndoo ya maji ya moto. Amenikasirikia, lakini kasema niandike kama nataka, mimi si mtumwa. Nimeandika.


19 Agosti 2004

Kaka yangu,

Shikamoo, na mama wa chumba cha pili, Mungu akulipe.

Mvua zimeanza, mwaka huu zimechelewa sana. Zilianza siku barua yako ilipofika, bahasha ilikuwa mbichi, wino wa AT umetambaa ukaingia kwenye X. Niliandika kama ulivyosema. Daktari alikuwa nyuma yangu, mlinzi mlangoni anakung'uta koti, Bonge mgongoni.

Iandike sauti, ulisema. Haya. "Tik", imenyanyua. Kwikwi yetu, "mm", kimya, na mimi nikafumba macho. Haikungoja. Ikaanza "tk-tk-tk, tk-tk, tk-tk-tk-tk", kama mtu anagonga mlango kwa kucha. Kimya kirefu. Upande wa pili ukalia mara moja, mara mbili. Halafu "tiiiiii", nyembamba kama mbu, ya pili ikaijibu kwa chini, zikaanza kugombana, "krrr, twang, twang", halafu "shhhhhh", kama mafuta yamewekwa kitunguu. Halafu kimya. Nilidhani imekufa. Daktari akasema, "Karani, fumbua macho." Kwenye kioo majibu yalikuwa yanaingia, jina kwa jina.

La pili lilikuwa la mtoto wa muuza maziwa, aliyekuwa amelala kitanda cha dirishani, mama yake anampepea kwa bahasha tupu. Daktari alisoma, akageuka, akafungua kabati nyuma ya kiti changu. Hiyo tu. Hakuna aliyepiga makofi. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kidogo. Mlinzi akaniambia, "Utamlowesha mtoto," akanirudisha ndani.

Juzi nilikwenda kwa fundi baiskeli. Nilimwambia laini inafanya kazi sasa. Nilifikiri ana haki ya kusikia kutoka kwangu na siyo kwa watu. Alikuwa anaziba tairi. Alisema, "Vizuri," akaendelea kuziba, na mimi nikakaa pale kwenye boksi lake mpaka akamaliza. Aliuliza habari zako. Nilimwambia ukweli. Akasema ile baiskeli bado anakumbuka namba ya fremu yake.

Mama nimemwambia vilevile. Usinigombeze. Hakulia. Alizima redio. Kisha akasema, "Nilimnyonyesha kabla hajafungua macho. Nilimjua, akanijua. Sasa ananificha nini?" Akaenda kuitoa meza iliyokuwa njiani kati ya mlango na kitanda chako. Mimi na magoti yake tuliisukuma hadi ukutani.

Duka la dawa la zahanati lina matone ya presha ya macho. Nimeuliza, nimeyashika mkononi. Na zahanati ya ng'ambo ya mto ina kadi kama yetu, bubu, na karani wake ananipigia kila siku kuuliza nilifanyaje. Mimi najua kuandika AT X3 DP. Ikilia vinginevyo kule sitajua inasema nini. Daktari anasema huyo Sikio wetu atafutwe.

Sasa nisikilize, na mama wa chumba cha pili asome polepole. Umesema ningoje mpaka uniambie uko tayari. Nimekaa na maneno hayo wiki nzima nikiosha nepi. Unangoja siku ambayo hutajikwaa popote, ndipo utuite. Siku hiyo haiji, kaka. Mimi nina mtoto na kazi na mama mwenye magoti, hakuna asubuhi hata moja nimeamka niko tayari.

Kwa hiyo sisubiri. Basi halifiki, lakini lori la kazi ya barabara linashuka huko mjini kwako Alhamisi ijayo, na Baba Bonge ameshaniombea nafasi mbele kwa dereva, dereva wa kweli mwenye leseni. Barua hii naitanguliza kwa pikipiki ya hospitali. Ikikufikia kabla yangu, usijisumbue kufagia. Ikichelewa, utasikia mlango unagongwa.

Utatutambua kwa kelele. Bonge nitamvika gauni jeupe, la kitambaa, nimelishona mwenyewe na mshono umepinda. Utalishika kwa mkono wako ule uliosema umeteguka, uniambie kama kweli limempendeza.

Mdogo wako,
Chiriku